Si ghorofa linaloanguka, ni kamera iliyoinua pua: uzi wa kunyoosha mistari kwenye picha

Timazi256 (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Niko Kampala, napiga picha za nyumba za kupangisha, hoteli ndogo na maduka. Ni kazi ambayo dalali akiwa na haraka analipa vizuri, na haraka ikiisha hapokei simu.

Miaka kadhaa nyuma mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu aliniita nimpigie picha za kuweka mtandaoni. Uwanja wake mdogo. Nikasimama mgongo kwenye geti, nikainua kamera mpaka paa likaingia, nikabonyeza. Anga safi, rangi safi, nikajiona mfalme. Nilipompelekea akaitazama kimya, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Ssebo, nyumba yangu mbona inaanguka kinyumenyume?"

Nikarudi kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe cha Auto, kile ambacho programu inanyoosha picha yenyewe, nikidhani kimeniokoa. Nyumba ikasimama, lakini ikawa fupi na pana kama banda la kuku, na kijana aliyekuwa ameegemea kibaraza cha juu, pembeni kabisa ya picha, akapata kichwa cha tikiti maji. Mama akatafuta mpiga picha mwingine. Sikumlaumu.

Tangu siku hiyo nimepigana na mistari mpaka tumezoeana. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Kwa nini jengo linalala

Simama katikati ya barabara iliyonyooka, mfano ile ya Masaka sehemu zisizo na kona. Kingo mbili zinakaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, na hakuna anayelalamika kwamba barabara ni mbovu kwa sababu hiyo (ina sababu nyingine). Ghorofa ni barabara iliyosimamishwa. Ukiinua kamera kulitazama, kuta zake mbili zinaanza kukimbiliana kule juu.

Siri iko kwenye sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Sensa na ukuta vikiwa sambamba, kama vitabu viwili vilivyosimama rafuni, mistari wima inabaki wima hata lenzi ikiwa pana kiasi gani. Ukiinua pua ya kamera kidogo tu, usambamba umekufa, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa. Zipo zile maalumu za kuhama, zinazokuepusha kuinua pua, nitazigusa mbele.

Watu wanailaumu lenzi pana bure. Lenzi pana inakufanya usogee karibu, na ukiwa karibu inabidi uinue pua zaidi. Makosa ya lenzi yenyewe yapo, ila yana sura nyingine. Nimeweka kanuni moja ya kukumbuka: mstari uliopinda kama upinde ni kosa la lenzi, mstari ulionyooka ila umelala upande ni kosa la mshika kamera. Hayo magonjwa mawili dawa zake ni tofauti, na ukiyachanganya utakesha.

Dawa ya kwanza haina umeme

Kabla ya programu, rudi nyuma. Nitawapa hesabu ninayoitumia kila siku. Simu nyingi zina lenzi kuu inayolingana na milimita 26 hivi kwa hesabu za filamu ya zamani (namba ikishuka, lenzi ni pana zaidi). Ukiishika simu wima, bila kuinua pua wala kuishusha, kila mita 3 unazosimama mbali na ukuta zinakupa mita 2 za jengo juu ya usawa wa kamera. Kwa hiyo ukiwa mita 15, unaona mita 10 juu ya macho yako, jumla karibu mita 11 na nusu kutoka chini. Ghorofa tatu za kawaida zinaingia, ukuta umesimama, na hukugusa kompyuta.

Utaniambia: nusu ya chini ya picha itakuwa changarawe na ndala za watoto. Ndiyo, na utaikata. Afadhali kukata changarawe kuliko kuvuta paa.

Pa kurudi nyuma hapapo? Panda juu. Ghorofa ya pili ya duka la ng'ambo ya barabara, ukiomba vizuri na kununua soda, ni stendi bora kuliko zote zinazouzwa mjini. Ukiwa usawa wa katikati ya jengo huna haja ya kuinua chochote.

Na washa gridi kwenye kamera. Ile alama ya kuonyesha usawa inayotokea kwenye baadhi ya simu ni pimamaji ya bure, itumieni.

Ikibidi programu

Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko jina la programu. Mimi huanza na kupinda kwa lenzi, kwa sababu programu inayotafuta mistari iliyonyooka haiwezi kuipata kwenye picha ambayo mistari yote ni pinde. Kisha nazungusha picha isimame. Ndipo navuta mistari wima, halafu milalo kama kuna haja, halafu narekebisha uwiano wa urefu na upana, na kukata kingo kunakuja mwisho kabisa. Kosa la watu wengi ni kukata kwanza. Ukishakata huna tena nafasi, na jengo likianza kuvutwa ncha ya paa inatoka nje ya picha. Ndiyo maana unapopiga, acha hewa kuzunguka jengo.

Kwenye Lightroom, programu ya kulipia ya kuhariri picha, kazi hii iko kwenye paneli ya Transform. Tangu toleo la 5, mwaka 2013, kuna vitufe vya Upright vinavyokisia vyenyewe, na baadaye wakaongeza Guided, ambapo wewe mwenyewe unachora mistari kuanzia miwili hadi minne na kuiambia programu "hii ndiyo iliyosimama." Guided ndiyo kazi. Auto ni bahati nasibu.

Wasiotaka kulipia kila mwezi: darktable ni ya bure, ina moduli ya kuzungusha na kunyoosha inayotafuta mistari yenyewe na kukuonyesha ipi imeikubali, unaweza kuikataa mmoja mmoja. GIMP ina zana ya Perspective, ukiigeuza ifanye kazi kinyume unapanga gridi ilale pamoja na jengo lililolala, ukithibitisha gridi inasimama na jengo linasimama nayo. Hugin ilitengenezwa kwa kuunganisha picha pana, lakini ukiwekea alama nukta mbili juu ya nguzo moja, na mbili juu ya nguzo ya upande wa pili, na kuiambia hizo ni wima, inanyoosha picha moja vizuri sana.

Mstari shahidi

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Programu haijui kitu gani kimesimama kweli. Inaona mistari mingi na kupiga kura. Sasa hebu fikirieni mistari ya mtaa wa Kampala. Nguzo za umeme za mbao, kila moja ina kabila lake. Uzio wa mabati unafuata mlima. Barabara inapanda, kwa sababu mji huu ni vilima. Bango la simu limelala tangu mvua ya mwezi wa nne. Ukibonyeza Auto, kura inapigwa na mashahidi wa uongo, na jengo pekee lililosimama linahukumiwa.

Ndiyo maana nachagua mashahidi kwa mkono. Miwili inatosha: mmoja kushoto kabisa mwa jengo, mmoja kulia kabisa. Ikiwa karibu karibu, kosa dogo la mkono wako linakuzwa. Kwa mlalo sichukui barabara wala msingi, kwa sababu msingi wa jengo la Nakasero unafuata kilima cha Nakasero. Nachukua mstari wa madirisha, tena kama jengo nimelitazama uso kwa uso. Nikilitazama kwa kona, milalo naiacha ikimbie. Jengo la kona lililonyooshwa milalo yote linaonekana kama boksi la sabuni lililokaliwa.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

---

Boda_wa_Kireka

Nimesoma mpaka mwisho nikingojea picha. Uzi wa picha bila picha, mkuu?

Timazi256

Picha za wateja siwezi kuweka, ni mali yao. Halafu yule mama akiiona ile ya tikiti maji atanifuata mpaka humu.

---

DadaEntebbe

Asante sana kwa uzi kaka. Mimi nina vyumba viwili vya wageni huku Entebbe, sina kompyuta, nina simu tu na app ya picha ya Snapseed. Natumia ile zana ya Perspective. Tatizo langu ni mawili. Kwanza, nikivuta, pembeni inajaza vitu vya ajabu. Juzi mgomba mmoja umekuwa migomba miwili na nusu. Pili, picha za ufukweni: nimenyoosha mstari wa maji lakini bado picha inaonekana imelala. Nakosea wapi?

Timazi256

Dada, la kwanza: Snapseed ikivuta picha inaacha pembe tupu, kisha inazijaza kwa kunakili vilivyo jirani. Kwenye anga tupu au nyasi huwezi kugundua. Kwenye migomba, vigae na watu inaumba viumbe. Mimi niliwahi kupata boda yenye dereva mmoja na helmeti mbili. Dawa ni kupiga picha ukiwa na nafasi pembeni, halafu baada ya kuvuta unakata zile sehemu zilizojazwa bila huruma. Na usivute mara tatu nne ukihifadhi kila mara. Rudi kwenye picha ya mwanzo, uvute mara moja.

La pili ni zuri zaidi. Ziwa Victoria ukilitazama kuelekea kule maji yanapokutana na anga, huo ni mlalo wa kweli, hakuna shahidi bora Uganda nzima. Lakini ukingo wa maji, pale mchanga unapoishia, si upeo wa macho. Ukingo unakukimbia kwenda mbali kwa mshazari, kwa hiyo kwenye picha ni haki yake kulala. Ukiunyoosha huo, umeinamisha ziwa zima. Nadhani ndicho ulichofanya. Kama upeo wenyewe umefunikwa na kisiwa au ukungu, tafuta kitu wima: kona ya nyumba, kivuli cha nguzo ndani ya maji yaliyotulia. Kitu na kivuli chake majini vinafuatana juu na chini, ukiunganisha ncha zake mbili karibu na katikati ya picha umepata timazi, ile kamba ya fundi yenye uzito ya kupimia wima.

DadaEntebbe

Mchanga! Ndio nilichonyoosha. Webale nnyo.

---

MzeeFilamu

Vijana, mnazungumza kama kitu hiki kimezaliwa na kompyuta. Sisi tulikuwa tunanyoosha majengo gizani. Ile mashine ya kukuzia picha, karatasi imelala chini yake kwenye ubao. Jengo likiwa limelala, unainua upande mmoja wa ubao, unaweka kitabu chini yake. Upande ulio mbali na lenzi unakuwa mkubwa zaidi, ulio karibu unakuwa mdogo, kuta zinaachana. Halafu lazima ulibane tundu la lenzi la ile mashine liwe dogo, la sivyo nusu ya picha inakuwa ukungu. Na ule upande wa mbali unapata mwanga mchache, unauongezea sekunde kwa kuziba mwingine na kiganja. Ukikosea, karatasi imekufa, na karatasi ni pesa.

Na kamera kubwa za mvukuto, lenzi yake unaipandisha peke yake wakati mwili wa kamera umesimama wima. Hujainua pua, umeinua jicho. Nikon walileta lenzi ya namna hiyo kwa kamera ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, milimita 35, inateleza. Niliiona kwa Mhindi mmoja mwenye studio, hakuturuhusu hata kuigusa.

Timazi256

Mzee wangu, shikamoo. Hili la kitabu chini ya ubao sikuwahi kulisikia na limenifurahisha kupita maelezo.

Na mnaona bei ilikuwa ileile? Upande uliokuzwa ulipoteza mwanga, ukahitaji sekunde. Leo upande uliokuzwa unapoteza pikseli. Kama juu ya jengo kuna pikseli 7 pale ambapo chini kuna 10, ukinyoosha, hizo 3 zinabuniwa na hesabu kutokana na jirani zake. Ndiyo maana paa la picha iliyonyooshwa sana linakuwa laini kama limepakwa mafuta. Lenzi ya kuteleza haina deni hilo, kwa sababu picha inaingia ikiwa imenyooka. Canon nao wana za milimita 17 na 24. Sijamiliki. Nimekodi mara moja kwa siku moja, na usiku nilirudisha kwa uchungu.

Kwa hiyo kama unajua utanyoosha, piga kwa ubora wa juu kabisa kamera inaoweza, na usiikuze picha kupita kiasi. Picha ya bango la kuchapishwa Nasser Road ina uvumilivu mdogo kuliko picha ya WhatsApp.

---

Busia_Mpakani

Swali la pembeni mkuu. Zile app za kuskani risiti na vyeti kwa simu, unapiga karatasi kwa pembe, yenyewe inatoka imenyooka mraba. Ni kitu kimoja na hiki?

Timazi256

Ni ndugu wa tumbo moja. Ukijua pembe nne za karatasi ziko wapi kwenye picha, na unajua zinapaswa kuwa pembe nne za mstatili, hesabu inapata namba nane za kuhamishia kila nukta mahali pake. Nukta nne, kila moja ina kushoto-kulia na juu-chini, ndizo hizo nane. Mashahidi wawili wa wima na wawili wa mlalo kwenye jengo wanafanya kazi ileile.

Tofauti ni kwamba karatasi ni bapa na jengo si bapa. Hesabu hii inanyoosha uso mmoja tu. Kibaraza kilichotokeza mbele, gari lililoegeshwa, mtu aliyesimama karibu na kamera, vyote hivyo vinaburutwa na uso wa jengo bila kuulizwa. Ndiyo maana ya kichwa cha tikiti.

Na kuna jambo jingine ambalo app ya kuskani hailijui vizuri: urefu kwa upana. Karatasi watu wanajua ni A4. Jengo je? Programu inakisia kwa kusoma urefu wa lenzi ulioandikwa ndani ya faili la picha. Sasa ukitumiwa picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, imebanwa na hayo maandishi yamefutwa. Mwambie mwenzio akutumie kama dokumenti, picha inakuja nzima na habari zake.

Busia_Mpakani

Kwa hiyo unajuaje kama jengo limekuwa fupi au refu kuliko haki yake?

Timazi256

Tafuta duara. Gurudumu la gari lililotazamwa ubavuni, saa ya ukutani, dishi ukilitazama usoni. Mimi nilijifunzia Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, kwenye zile duara nyeupe za saruji ambazo kila mgeni anasimama ndani yake na kunyoosha mikono. Ukinyoosha picha ya pale vibaya, duara inakuwa yai, na hakuna mtu duniani asiyejua tofauti ya duara na yai. Ukirekebisha uwiano mpaka yai lirudi duara, na mtu aliye ndani anarudi unene wake. Angalia tu duara lenyewe umelitazama uso kwa uso. Ukiwa umesimama kwa pembeni, ni haki yake kuwa yai.

Kama hakuna duara, mtu. Macho yetu yanamjua binadamu kuliko yanavyojua matofali.

---

Mkosoaji_Ntinda

Niseme ukweli hata kama mtachukia. Hii ndiyo mbinu ya madalali. Nilikwenda kuona chumba, kwenye picha kilikuwa ukumbi, nikafika nikakuta kitanda kinagusa kuta tatu. Mnanyoosha mistari au mnanyoosha uongo?

Timazi256

Mkuu, sichukii, hasira yako ina sababu. Ila kilichokudanganya kuna uwezekano mkubwa si kunyoosha mistari. Simu siku hizi zina lenzi ya pili, pana sana, karibu milimita 13. Mtu anajibana kwenye kona ya chumba, anapiga nayo, kitanda kilicho karibu kinavimba na ukuta wa mbele unakimbilia Mukono. Hapo hata mistari yote ikiwa wima kama mshumaa, chumba bado ni cha uongo.

Lakini kuna mlango mmoja ambao kunyoosha kunapitia kwenda kwenye uongo, na nitautaja: kile kidude cha uwiano. Ukishanyoosha wima, ukavuta upana kwa asilimia kidogo, chumba kinanenepa na hakuna mstari unaolalamika. Nimeombwa kufanya hivyo. Nilikataa mara moja na mara moja sikukataa, nilikuwa na kodi ya kulipa. Siku hizi namwonyesha mteja swichi ya taa ukutani: ikiwa pana kuliko swichi ya kweli, mpangaji atajua, na atajua akiwa amekwisha kulipa nauli kuja kuona.

---

Hija_Juni3

Mleta uzi, mimi huwa napiga picha za Namugongo siku ya Mashahidi wa Uganda. Ile basilika ya Kikatoliki naipenda ila kila nikinyoosha inakuwa kitu cha ajabu, kama ngoma.

Timazi256

Hahaha, umeikuta kesi ngumu kuliko zote. Jengo lile lilichorwa na Mswisi, Justus Dahinden, kwa umbo la nyumba ya kienyeji ya Baganda, na nguzo zake 22 za nje ni kwa ajili ya mashahidi 22 wa Kikatoliki. Nguzo zile zinapanda zikiegemea kuelekea kileleni. Zimelala kwa makusudi! Sasa ukiibonyezea Auto, inaona mistari inakutana juu, inasema "hapa kamera iliinuliwa," inaitawanya. Msonge unakuwa pipa, au ngoma kama ulivyosema.

Hapo usitumie nguzo za jengo hata moja. Simama katikati kabisa mbele yake, rudi nyuma sana, kamera isiinue pua. Kiwanja ni kikubwa, ingawa siku ya tarehe 3 Juni najua pa kurudi hapapo. Ukibanwa, shahidi wako awe kitu kingine kilichosimama, mlingoti wa bendera au nguzo ya hema. Kisha angalia kama upande wa kushoto wa msonge na wa kulia inalala sawasawa. Ikiwa sawa, achana nayo.

Daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, lina shida ya jamii hiyohiyo. Nyaya zote ni za mshazari, programu inaona mamia ya mistari na hakuna hata mmoja uliosimama.

Na minara nayo. Mnara wa msikiti wa Old Kampala ukiupiga kutoka karibu na mguu wake, hakuna dawa. Pembe ni kali mno, ukiunyoosha kikamilifu juu inaonekana pana kuliko chini, kama inakuangukia. Hata kwa majengo ya kawaida mimi sinyooshi asilimia mia, ila naacha kidogo, labda sehemu moja kwa kumi ya ule mlalo. Jicho limezoea kitu kirefu kikonde kidogo juu, ukilinyima linashuku. Mnara huo uupige kutoka kilima kingine. Kampala ina vilima vya kutosha.

---

MwashiWaMbale

Mimi si mpiga picha, ni mwashi, nimeingia humu kwa sababu ya jina la mleta uzi nikidhani anauza timazi. Lakini nimesoma na nina neno.

Umesema uchague mashahidi kwenye jengo. Jengo lenyewe unaliamini kiasi gani? Nikuambie ukweli wa saiti. Sisi tunasimamisha kona kwanza. Kona ndiyo inayopigwa timazi kila kozi kadhaa za matofali, kwa sababu kona ikienda, nyumba imekwenda. Katikati ya kona tunafunga kamba na kujaza matofali, hapo vijana wanakimbizana. Fremu za milango na madirisha zinakuja baadaye, nyingine zinaletwa na fundi wa chuma zikiwa tenge tayari, tunaziba kwa plasta na rangi. Nguzo za geti ndio kabisa, lori la mchanga limekwisha kuzigonga kabla hata rangi haijakauka.

Kwa hiyo wewe ukichukua mlango kama shahidi, unamuuliza mlevi njia.

Timazi256

Fundi, umenikalisha chini.

Miaka yote hii natumia kingo za madirisha kwa sababu ni kali na zinaonekana vizuri, na kuna majengo mawili matatu ambayo mpaka leo nikiyatazama yananisumbua na sikujua kwa nini. Nimeyafungua sasa hivi wakati nasoma maneno yako. Moja, nimeweka mistari kwenye kona mbili za jengo badala ya madirisha. Jengo limesimama, na dirisha la ghorofa ya pili limebaki limelala kidogo peke yake. Kumbe lilikuwa limelala kweli, na mimi nililazimisha jengo zima limfuate.

Swali: jengo likiwa na plasta nene kwenye kona, naamini plasta au nini?

MwashiWaMbale

Amini plasta ya juu karibu na paa, hapo haijagongwa. Chini huku mvua inakula, mbuzi wanajikuna, watu wanaegesha pikipiki. Na kama jengo ni la zamani la Wahindi, kama yale ya Jinja Main Street, amini chochote. Wale walikuwa wanapiga timazi mpaka kwenye choo.

---

DadaEntebbe

Nimerudi na majibu. Nimepiga upya chumba cha mbele, simu imesimama wima, nimerudi mpaka kwenye mwembe. Nusu ya chini ni nyasi, nimezikata. Kona mbili zimesimama bila kuvuta chochote. Ila sasa naona bati la kibarazani limeteremka upande wa kushoto. Ninyooshe?

MwashiWaMbale

Usinyooshe dada. Ita fundi.

Timazi256

Kwanza upige picha ya ushahidi, ndipo umwite.